Jinsi ya kudai EITC: mwongozo kamili kwa mfanyakazi wa kipato cha chini nchini Marekani

Mojawapo ya misaada mikubwa ya fedha ambayo serikali kuu ya Marekani humpa mfanyakazi wa kipato cha chini haipitii katika ofisi yoyote ya ustawi wa jamii. Hakuna dirisha la kupanga foleni wala afisa wa kukuhoji, na hakuna anayekuandikia barua ya mapema kukujulisha kwamba unastahili. Fedha hizo hutolewa kupitia ritani ya kodi, yaani fomu ya kila mwaka ya kutangaza mapato, chini ya mpango unaojulikana kwa kifupi kama EITC (Earned Income Tax Credit, nafuu ya kodi kwa mapato ya kazi), ambao husimamiwa na mamlaka ya mapato ya nchi hiyo, IRS. Takriban wafanyakazi na familia milioni 23 huzipata kila mwaka, lakini kwa makadirio ya IRS yenyewe, mtu mmoja kati ya kila watano wanaostahili hadai kabisa. Wengi wao ni watu ambao kipato chao ni kidogo kiasi kwamba sheria haiwalazimishi kuwasilisha ritani, nao huona hakuna haja ya kujisumbua. Hao ndio ambao mara nyingi wana haki ya kulipwa.

Mpango huu ulianza mwaka 1975 kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford. Aliyeupigania zaidi bungeni alikuwa Seneta Russell Long wa Louisiana, mtu ambaye hakupenda kabisa wazo la serikali kumlipa mtu asiyefanya kazi, lakini aliyekubali kwamba mfanyakazi maskini alikuwa akibebeshwa mzigo usio wa haki kwa makato ya hifadhi ya jamii yanayoanza kwenye dola ya kwanza ya mshahara. Kiwango cha juu wakati huo kilikuwa dola 400. Mpango ulifanywa wa kudumu mwaka 1978, ukaunganishwa na mfumuko wa bei kwa sheria ya 1986, kisha ukapanuliwa sana mwaka 1993, ambapo hata wasio na watoto waliingizwa kuanzia 1994. Asili hiyo inaeleza tabia ya mpango mpaka leo: ni ustawi wa jamii uliofungwa kwenye kazi. Asiyekuwa na mapato ya kazi hata kidogo hapati kitu, hata awe na dhiki kiasi gani.

Tarakimu zote za mwongozo huu ni za mwaka wa kodi 2025, yaani ritani inayowasilishwa mwanzoni mwa 2026, ambayo siku yake ya mwisho ni tarehe 15 Aprili. Viwango hupanda kidogo kila mwaka, ila utaratibu haubadiliki sana.

Elewa kwanza jinsi kiasi kinavyopatikana

Nafuu ya kodi ni kiasi kinachotolewa moja kwa moja kwenye kodi unayodaiwa. EITC ni ya aina inayorejeshwa, maana yake ni kwamba ikizidi kodi unayodaiwa, ziada unalipwa wewe. Mtu ambaye kodi yake ni sifuri anaweza kulipwa nafuu yote.

Kiasi hupanda pamoja na mshahara, hukaa kwenye kilele kwa muda, kisha hushuka taratibu. Mwenye mtoto mmoja hupata senti 34 kwa kila dola anayoichuma mpaka mapato yake yafike dola 12,730, na hapo nafuu yake hufikia kilele cha dola 4,328. Mwenye watoto wawili hupata asilimia 40 ya mapato mpaka dola 17,880, na kilele chake ni dola 7,152. Mwenye watoto watatu au zaidi hupata asilimia 45 mpaka kiwango hicho hicho cha mapato, na kilele chake ni dola 8,046. Asiye na mtoto hupata asilimia 7.65 tu, na hawezi kuvuka dola 649, kiasi ambacho kwa maoni yangu ni kasoro kubwa kuliko zote katika mpango huu, kwa kuwa kijana anayeosha vyombo hotelini usiku kucha anakatwa makato yale yale ya hifadhi ya jamii kama mwenzake mwenye watoto.

Kwa mzazi ambaye hawasilishi ritani pamoja na mwenzi, nafuu huanza kushuka mapato yanapopita dola 23,350, na kwa wanandoa wanaowasilisha pamoja huanza kushuka baada ya dola 30,470. Huisha kabisa kwenye dola 50,434 kwa mwenye mtoto mmoja, dola 57,310 kwa mwenye wawili na dola 61,555 kwa mwenye watatu au zaidi. Wanandoa wanaowasilisha pamoja wana kikomo cha dola 57,554, dola 64,430 na dola 68,675 kwa mpangilio huo huo. Kwa asiye na mtoto, kikomo ni dola 19,104 akiwa peke yake na dola 26,214 kwa wanandoa.

Chukua mfano wa mama anayelea watoto wawili peke yake, wenye umri wa miaka 6 na 9, ambaye mwajiri wake amemlipa dola 30,000 kwa mwaka mzima. Amepita kizingiti cha dola 23,350 kwa dola 6,650, na kila dola iliyozidi inampunguzia senti 21 na ushei, hivyo kilele cha dola 7,152 kinapungua kwa takriban dola 1,400. Anabaki na kama dola 5,750. Juu ya hiyo kuna nafuu ya kodi kwa watoto, ambayo ni mpango tofauti: dola 2,200 kwa kila mtoto, ambapo hadi dola 1,700 kwa kila mmoja zinaweza kurejeshwa. Akiwasilisha kama mkuu wa kaya (head of household), dola 23,625 za kipato chake hazitozwi kodi, hivyo kodi yake ni kama dola 640 tu. Nafuu ya watoto inaifuta kodi hiyo na kumrejeshea dola 3,400 zaidi. Kwa hiyo atapokea zaidi ya dola 9,100, mbali na kodi yoyote ya mapato iliyokuwa imekatwa kwenye mshahara wake, ambayo nayo anarudishiwa. Huo ni karibu mshahara wa miezi minne. Hizo ndizo fedha ambazo mtu huziacha anaposema hana haja ya kujaza ritani.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba unastahili

Anza na namba ya Social Security, yaani namba ya hifadhi ya jamii. Wewe, mwenzi wako mnayewasilisha pamoja, na kila mtoto unayemhesabu lazima muwe na namba inayoruhusu kazi. Namba ya kodi ya ITIN, ambayo hupewa wasioweza kupata namba ya Social Security, haitoshi kwa EITC. Toa kadi yenyewe uitazame: kadi isiyo na maandishi ya ziada ni halali, na kadi inayosema kwamba inafaa kwa kazi kwa idhini ya idara ya usalama wa ndani ni halali pia maadamu idhini yako ya kazi bado inatumika. Kadi inayosema kwamba haifai kwa ajira, iliyotolewa tu ili mtu apate huduma fulani ya serikali, haikubaliki. Ikiwa hali yako ya uhamiaji imebadilika tangu ulipoipata, nenda ukabadilishiwe kadi kabla ya kuwasilisha ritani.

Kuna mtego wa tarehe hapa ambao watu wengi hawaufahamu. Namba hiyo lazima iwe imetolewa kufikia siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, pamoja na muda wa nyongeza kama uliomba. Ikitoka baadaye, huwezi kurudi nyuma na kurekebisha ritani ya mwaka ule ili udai. Kwa hiyo, ikiwa mtoto wako anasubiri namba na mwezi Aprili unakaribia, jaza Fomu 4868 ya kuomba nyongeza ya muda, ambayo hukupeleka hadi tarehe 15 Oktoba bila gharama yoyote. Usiwasilishe ritani kwa pupa bila mtoto huyo ukitarajia kumwongeza baadaye.

Sharti la pili ni ukaazi wa kikodi. Lazima uwe raia wa Marekani au mgeni mkaazi kwa mwaka mzima. Mwenye ukaazi wa kudumu, mkimbizi na aliyepewa hifadhi kwa kawaida huhesabiwa wakaazi, lakini mwaka wa kwanza wa kufika una utata, kwa sababu sehemu yake uliishi nje, na mara nyingi mwaka huo hauna EITC. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 kwa kawaida si mkaazi wa kikodi katika miaka mitano ya kalenda ya mwanzo, hata kama anafanya kazi halali chuoni. Programu nyingi za kujaza kodi mtandaoni zimetengenezwa kwa ajili ya wakaazi na hazimzuii, hivyo wanafunzi wengi hujikuta wamedai nafuu wasiyostahili na baadaye kutakiwa kuirudisha pamoja na riba.

Tatu, uwe na mapato ya kazi: mshahara, ujira au faida ya kazi ya kujiajiri. Malipo ya ukosefu wa ajira, pensheni, fedha za matunzo ya mtoto na riba ya benki si mapato ya kazi. Malipo ya taslimu yanahesabiwa, mradi uyatangaze. Nne, mapato yako ya uwekezaji, kama riba, gawio au faida ya kuuza hisa, yasizidi dola 11,950.

Ikiwa huna mtoto wa kumhesabu, lazima uwe na umri kati ya miaka 25 na 64 kufikia mwisho wa mwaka (kwa wanandoa inatosha mmoja wao), uwe umeishi Marekani zaidi ya nusu ya mwaka, na usiwe tegemezi wa mtu mwingine.

Wanandoa kwa kawaida lazima wawasilishe pamoja. Tangu mwaka 2021 kuna njia kwa waliotengana: ukiwa na mtoto aliyeishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka, na wewe na mwenzi wako hamkukaa nyumba moja katika miezi sita ya mwisho wa mwaka, unaweza kudai hata kama ndoa haijavunjwa. Lakini mume na mke wanaokaa pamoja kisha kila mmoja akajiandika kuwa hajaoa au hajaolewa ili kuongeza marejesho wanasema uongo kwenye hati ya serikali, hata kama mtayarishaji wa ritani yao amewaambia kwamba kila mtu hufanya hivyo.

Hatua ya pili: pima kila mtoto kwa vigezo vya sheria

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na ndipo inapofaa kusoma polepole. Sheria haiulizi nani anamlisha mtoto. Inauliza hasa mambo matatu: uhusiano, umri na makazi.

Kwa uhusiano, mtoto anaweza kuwa wako wa kumzaa, wa kambo, wa kuasili, au wa kulelewa aliyewekwa kwako na mahakama au shirika lenye mamlaka. Anaweza pia kuwa mjukuu wako, mdogo wako, au mtoto wa kaka au dada yako. Mtoto wa shangazi, wa mjomba au wa ami hayumo, hata kama umemlea tangu akiwa mchanga na anakuita baba. Mtoto wa jirani au wa rafiki aliyefariki hayumo vilevile, isipokuwa pawe na hati ya mahakama au ya shirika la malezi. Kwa familia ambazo kwao binamu ni ndugu tu kama ndugu mwingine, kigezo hiki ni kigumu kukikubali, lakini IRS haina nafasi ya kukilegeza. Anayelea binamu kwa muda mrefu anaweza kufikiria kumwasili kisheria, kwa sababu nyingi zaidi ya kodi.

Kwa umri, mtoto awe chini ya miaka 19 mwisho wa mwaka, au chini ya miaka 24 ikiwa alikuwa mwanafunzi wa muda wote (full-time) kwa angalau miezi mitano, na kwa vyovyote awe mdogo kuliko wewe. Mwenye ulemavu wa kudumu unaomzuia kabisa kufanya kazi hana kikomo cha umri.

Kwa makazi, mtoto awe ameishi nawe, ndani ya Marekani, zaidi ya nusu ya mwaka. Mtoto aliyeko Afrika kwa bibi yake hahesabiwi, hata kama unatuma fedha kila mwezi na una risiti zote. Mtoto aliyezaliwa katikati ya mwaka huhesabiwa kana kwamba aliishi nawe mwaka wote, ikiwa nyumba yako ndiyo ilikuwa yake kwa zaidi ya nusu ya muda tangu azaliwe. Kulazwa hospitalini au kukaa bweni la shule hakukatizi makazi, kwa kuwa ni kutokuwepo kwa muda.

Mtoto mmoja hawezi kudaiwa na watu wawili. Nyumba yenye mama, bibi na mjomba wanaofanya kazi wote ina watu watatu wanaoweza kutimiza vigezo juu ya mtoto yule yule, na lazima wakubaliane kabla ya mtu yeyote kuwasilisha. Wasipokubaliana, mzazi humshinda asiye mzazi. Ikiwa wanaodai ni wazazi wawili wasiowasilisha pamoja, hushinda aliyeishi na mtoto siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, hushinda mwenye kipato kikubwa. Waliotalikiana wakumbuke kwamba Fomu 8332, inayomruhusu mzazi asiyeishi na mtoto kudai nafuu ya watoto, haihamishi EITC. Hiyo hubaki kwa mzazi anayeishi na mtoto, hata kama hukumu ya talaka imeandikwa vinginevyo.

Hatua ya tatu: kusanya nyaraka kabla ya kuhitajika

Mwajiri anatakiwa kukupa Fomu W-2, inayoonyesha mshahara wako wa mwaka na makato yake, kufikia mwisho wa Januari au mwanzoni mwa Februari. Ukihama nyumba, mpe anwani mpya. Ikifika mwisho wa Februari hujaipata, piga simu IRS, na kama bado haipatikani, utatumia Fomu 4852 kukadiria kwa kutumia hati yako ya mwisho ya mshahara. Anayeendesha teksi ya mtandaoni, kusafisha majumba kwa mkataba au kusuka nywele hupata Fomu 1099, taarifa ya malipo ya asiye mwajiriwa, au hapati chochote. Kwa vyovyote, anajiajiri, na lazima ajaze Kiambatisho C akionyesha mapato na matumizi yote. Sheria inakutaka uondoe matumizi yote halali. Huruhusiwi kuacha gharama za mafuta na gari makusudi ili faida ionekane kubwa na nafuu ipande, na wala huruhusiwi kubuni biashara ambayo haipo.

Kwa watoto, andaa jalada mapema. IRS ikitilia shaka, itataka karatasi zenye nembo ya ofisi iliyozitoa, zikionyesha jina la mtoto, jina lako, anwani ya mnapoishi na tarehe zinazofunika zaidi ya nusu ya mwaka husika. Barua ya shule, rekodi ya kliniki, barua ya mlezi wa mchana asiye ndugu yako, na mkataba wa nyumba uliowataja watoto ni nyaraka zinazokubalika. Cheti cha kuzaliwa huthibitisha uhusiano peke yake, si makazi. Kwa mpwa utahitaji mlolongo wa vyeti: chako, cha ndugu yako na cha mtoto, ili ionekane kwamba wewe na mzazi wake mna mzazi mmoja. Aliyekimbia vita bila vyeti aanze mapema kutafuta mbadala, kwa sababu IRS hutoa siku 30 tu za kujibu.

Kisha linganisha majina na tarehe. Jina litakaloandikwa kwenye ritani lazima liwe lile lililoko kwenye kadi ya Social Security, kwa mpangilio ule ule. Kadi za wakimbizi wengi zimegeuza jina la ukoo kuwa jina la kwanza, au zimeunganisha majina mawili, na watoto wa nyumba moja huweza kuwa na majina ya ukoo matatu tofauti. Ritani iliyoandikwa jina sahihi la nyumbani lakini lisilolingana na kadi hukataliwa na kompyuta dakika hiyo hiyo. Andika lililoko kwenye kadi, na jambo la kusahihisha jina ulipeleke katika ofisi ya Social Security kwa wakati wake.

Hatua ya nne: chagua nani wa kukujazia

Ushauri wangu ni kuanza na VITA (Volunteer Income Tax Assistance), mpango wa IRS ambapo watu wa kujitolea waliofanyiwa mtihani hujaza ritani bure kwa wenye kipato cha chini na cha kati, mara nyingi katika maktaba, vyuo na vituo vya jamii. Wenye umri wa miaka 60 na kuendelea wana mpango dada uitwao TCE. Tovuti ya IRS ina chombo cha kutafuta kituo kilicho karibu. Uliza kama kuna mkalimani unapoweka miadi, si siku ya kufika. Nenda na kadi zote za Social Security, kitambulisho, W-2 zote, ritani ya mwaka jana na namba za akaunti ya benki. Mkiwa wanandoa, nendeni wote wawili, kwa kuwa wote mnatia saini.

Ukiamua kumlipa mtu, mwombe namba yake ya PTIN, ambayo kila anayetayarisha ritani kwa malipo lazima awe nayo, na uhakikishe ametia saini. Asiyetaka kutia saini anataka ionekane umejaza mwenyewe, ili mambo yakiharibika asionekane. Mkimbie pia anayetoza asilimia ya marejesho, anayekuahidi kiasi kabla ya kutazama karatasi zako, au anayeweka namba ya akaunti yake mahali pa akaunti yako. Sheria inamtaka akuulize maswali ya kina juu ya watoto na makazi, na ajaze Fomu 8867 kuthibitisha kwamba ameuliza. Asiyekuuliza chochote hafanyi haraka kwa ajili yako. Na lolote litakaloandikwa, mwenye kuwajibika mbele ya IRS ni wewe.

Hatua ya tano: jaza, soma, ndipo utie saini

Ritani yenyewe ni Fomu 1040, na mwenye watoto huambatisha Kiambatisho EIC, ukurasa mmoja unaotaka jina la kila mtoto, namba yake, mwaka wa kuzaliwa, uhusiano na miezi aliyoishi nawe. Wenye watoto zaidi ya watatu huandika watatu tu hapo, kwa kuwa nafuu haiongezeki zaidi ya hao. Kabla ya kutia saini, soma mistari mitatu: hadhi yako ya ndoa, miezi ya makazi ya kila mtoto, na akaunti ya benki ya kupokelea fedha. Akaunti ni muhimu zaidi sasa, kwa sababu serikali kuu imekuwa ikiachana na hundi za karatasi tangu mwishoni mwa Septemba 2025. Ondoka na nakala kamili.

Mfumo ukikataa ritani kwa sababu mtu mwingine ameshamdai mtoto wako, usimwondoe mtoto ili ipite. Omba namba ya siri ya IP PIN kwenye tovuti ya IRS, na kwa namba hiyo ritani yako itapokelewa kielektroniki hata kama mtoto ameshadaiwa kwingine. Unaweza pia kuituma kwa posta. IRS baadaye itawaandikia nyote wawili na kutaka ushahidi.

Hatua ya sita: subiri, na ujibu barua

Kwa sheria ya 2015, IRS hairuhusiwi kutoa marejesho yenye EITC kabla ya katikati ya Februari, hata ukiwasilisha siku ya kwanza. Waliochagua kupokea benki kwa kawaida huzipata kufikia mwanzoni mwa Machi. Kampuni zinazotoa fedha za mapema zinajua kungoja huku kunauma, nazo huuza haraka yako kwa ada. Zamani mfanyakazi aliweza kuomba sehemu ya nafuu iongezwe kwenye mshahara mwaka mzima, lakini utaratibu huo ulifutwa baada ya 2010, na sijaona mbadala wa maana kwa mtu ambaye kodi ya nyumba yake inadaiwa kila mwezi. Fahamu pia kwamba madeni ya matunzo ya mtoto na baadhi ya madeni ya serikali yanaweza kukatwa kwenye marejesho kabla hayajakufikia.

Baadhi ya watu watapokea barua iitwayo CP75, inayosema kwamba fedha zimezuiwa mpaka uthibitishe. Hiyo si tuhuma ya jinai. Ni ukaguzi wa karatasi, na wengi hupoteza si kwa kuwa hawastahili bali kwa kuwa hawakujibu. Barua huja na orodha ya nyaraka zinazotakiwa. Tuma nakala, si hati halisi, na uandike jina na namba yako kwenye kila ukurasa. Kama huelewi Kiingereza cha barua, wahudumu wa simu wa IRS wanaweza kukuunganisha na mkalimani bila malipo, na vituo vya msaada wa kisheria vya LITC huwawakilisha walipakodi wa kipato cha chini bure au kwa ada ndogo. Ukikataliwa na kupewa ilani rasmi ya upungufu, una siku 90 za kufungua shauri katika Mahakama ya Kodi.

Aliyekataliwa mwaka mmoja lazima ajaze Fomu 8862 anapodai tena. IRS ikiona alipuuza sheria kwa makusudi, humfungia miaka 2, na ikiona udanganyifu, miaka 10.

Mambo yanayowatia watu hofu

Marejesho ya kodi hayahesabiwi kuwa mapato katika mipango ya serikali kuu kama msaada wa chakula wa SNAP, bima ya afya ya Medicaid, posho ya SSI ya wazee na walemavu maskini, na nyumba za ruzuku, na yakibaki benki hayahesabiwi kuwa akiba kwa miezi 12. Huna sababu ya kuyatumia yote kwa haraka ili usipoteze msaada mwingine.

Kuhusu uhamiaji, jambo linabadilika. Mnamo Novemba 2025 Wizara ya Fedha ilitangaza nia ya kutoa kanuni zitakazowazuia baadhi ya wahamiaji, wakiwemo wenye kibali halali cha kazi, kupata sehemu inayorejeshwa ya nafuu kama hii kuanzia mwaka wa kodi 2026. Mwenye hadhi ya muda au anayesubiri kesi ya hifadhi azungumze na LITC au mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuwasilisha.

Hatua ya saba: jimbo lako, na miaka uliyoiacha

Majimbo mengi yana nafuu yao yanayofuata mfano wa EITC. Baadhi, kama California, Colorado, Illinois, Maryland, Minnesota na Washington, huwakubali pia wenye ITIN ambao serikali kuu imewaacha nje. Washington haina kodi ya mapato ya jimbo, hivyo nafuu yake huombwa kwa fomu ya peke yake katika idara ya mapato ya jimbo. Kuwasilisha ritani ya serikali kuu pekee hakutoshi.

Mwisho, una miaka 3 tangu siku ya mwisho ya ritani ya mwaka husika kudai marejesho ambayo hukuyadai. Kama hukuwasilisha kabisa, wasilisha ritani ya mwaka huo kwa fomu za mwaka huo. Kama uliwasilisha bila kudai EITC, rekebisha kwa Fomu 1040-X. Anza na mwaka wa zamani zaidi ulio ndani ya muda, kwa sababu ndio unaofungwa kwanza, na uwasilishe kila mwaka kwa ritani yake.